Tunajua ya Dodoma, ya Shura je?

Bibi yangu hapa Muscat hakosi Bunge la Dodoma kwenye simu. Mbunge akisimama na "swali la nyongeza", yeye anacheka: "Leo waziri kabanwa!" Na mimi nacheka.

Lakini wallahi, mwaka 2023 nilipiga kura ya Majlis Shura kwa simu yangu, na tangu siku ile sijamuuliza mjumbe wangu kitu. Na nguvu wanazo: mabadiliko ya 2011 yaliruhusu wajumbe 15 wakitia saini, waziri wa huduma aliyevuka mipaka ya sheria ahojiwe.

Ila swali halizuki lenyewe. La ajira za vijana, nani ampelekee kama si sisi tuliomchagua? Wiki hii namwandikia wangu. Wewe je?