Trekta Kuukuu Isihukumiwe Upesi



Mkarafuu hauhitaji plau, lakini mabonde yetu ya mpunga yanaihitaji, na bonde lisilolimwa kabla ya masika halina dawa mwezi wa Juni. Kwa hiyo si jambo dogo kwetu mikono ya trekta ikikataa kuinua plau. Neno la kwanza husikika, "Trekta hii imekwisha, iuzwe chuma." Rai yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa upesi mno, nayo hula fedha za karafuu bure.

Tuwatazame wenzetu wa Iringa na Mbeya. Huko mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Akosaye wiki mbili za kulima huenda akakosa mwaka mzima. Ismani, katika Iringa, trekta zililima mahindi tangu miaka ya 1950. Na Usangu, katika Mbeya, hulimwa mpunga kama kwetu. Katika nchi pana kama ile fundi huwa mbali, basi dereva mwema hukagua kwanza ndipo amwite. Nasi yatupasa hivyo hivyo.

Chukueni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Pampu yake ya kuinulia imo ndani ya nyumba ya gia, ndani ya oili, nayo huzungushwa na shafti ile ile iendeshayo mashine za nyuma. Wenzo wa shafti ukiwa umetolewa, pampu haizunguki wala mikono haipandi. Hilo ni la kwanza kutazamwa, na halina gharama hata senti.

La pili ni oili. Trekta isimame mahali tambarare, kijiti cha kupimia kitolewe na kusomwa. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; imwagwe yote. Chujio lililoziba nalo huinyima pampu oili, mikono ikapanda mitupu lakini ikashindwa na mzigo.

La tatu, plau ikipanda kisha ikashuka yenyewe injini ikizimwa, oili inavuja mahali: pengine sili ya pistoni, pengine valvu. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Lakini mtu yeyote asiingie chini ya plau iliyo juu, hata kwa dakika moja.

La nne hulaumiwa pampu bila ya kosa. Plau huzama, huruka, huzama tena. Nyuma, chini ya kiti, iko springi ambayo kiungo cha juu huisukuma. Udongo ukiwa mgumu springi hubanwa, na valvu huinua plau kidogo. Ukiwa laini huirudisha. Springi ikilegea, habari hufika vibaya. Kiungo cha juu kifunguliwe, springi ishikwe: isiwe na mchezo wa mbele na nyuma, lakini izunguke kwa vidole. Ikicheza, ikazwe kiasi hicho tu.

Wapo watakaosema kwamba trekta mpya huondoa taabu hizi zote. Sikatai kuwa pampu iliyolika haiponi kwa maneno. Lakini trekta mpya nayo hunywa oili, na asiyepima ya zamani hatapima ya mpya.

Dereva alipwaye kwa eka peke yake hana sababu ya kusimama na kupima oili. Kila dakika aliyosimama ni hasara yake. Basi napendekeza mambo mawili. Kila kundi la wanachama lenye trekta liweke daftari la oili na matengenezo, na mtu mmoja awe mwenye dhamana yake. Tena dereva alipwe kitu kwa siku ya ukaguzi kabla ya msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tutaujenga kwa karafuu zetu wenyewe.