Picha Isiwe Hukumu

Picha za CT na MRI huonyesha ukubwa wa uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, na kama umefika kwenye tezi au kuziba njia ya mkojo. Kwazo daktari hukadiria kama mionzi itafaulu. Twaishukuru elimu hiyo. Lakini mama wa Kilwa Kivinje husafiri kilomita zipatazo 300 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Hapo picha hupima pia umaskini na umbali. Basi isitumike kumnyima tiba, bali kumchagulia iliyo bora. Na haki ianze mapema: uchunguzi ufike kila zahanati, na chanjo iliyoenezwa nchini kote mwaka 2018 isimkose binti yeyote.