Ndiyo, Nalala Ndani ya Gari Langu



Niliporudi Unguja juzi, mama mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza mbele za watu: "Mwanangu, ati kweli walala ndani ya gari?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akanyamaza, na wote wakanyamaza. Ule ukimya niliuelewa, na leo naujibu.

Mimi ni fundi cherehani. Kila baada ya muda navuka bahari, nachukua Noah yangu ninayoiacha Bagamoyo kwa shangazi, napita njia ya Msata, navuka Mto Wami, nafika Mandera, nakata kulia kwenda Miono. Viti vya nyuma nimevitoa. Upande mmoja kuna godoro jembamba, upande wa pili cherehani ya mkono na mabunda ya madera, mabuibui na sare za shule. Nina dumu mbili za maji, chandarua, taa ya sola na mtungi mdogo wa gesi. Napikia nje, chini ya mti. Ndani ya gari siwashi moto hata mvua inyeshe, na jiko la mkaa ndiyo kabisa, kwani hewa yake huua mtu usingizini.

Kwa nini nisilale gesti? Nimejaribu. Faida ya madera matatu inaishia kwenye kitanda, na cherehani inabaki garini peke yake usiku kucha. Nina watoto wawili wa kusomesha na sina kaka wa kunisindikiza.

Lakini sitaki mtu adhani nasifia upweke. Safari yangu ya kwanza niliegesha kando ya barabara kuu, nikafunga milango nikaamini nimejisitiri. Baada ya saa sita usiku mwanamume akaanza kugonga kioo. Aligonga, akaondoka, akarudi, mpaka nikawasha gari nikaondoka bila kujua naenda wapi. Sikulala, na Alfajiri niliswali huku natetemeka.

Siku hiyo nilijifunza kwamba gari lina kufuli tu, ulinzi ni watu. Sasa kila ninapofika naanza kwa mwenyekiti wa kitongoji: mimi fulani, natoka mahali fulani, nimeleta biashara hii, nitakaa siku tatu. Kisha naomba kuegesha kwenye ua wenye wanawake. Miono nimepokewa na bibi mmoja chini ya mwembe wake. Mimi namrekebishia nguo, yeye ananipa choo, maji na hadithi za zamani. Nikichelewa kutoka Mkange huwa yuko nje ananisubiri, kama mama yangu.

Kuna suala la dini, nalo silikwepi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu. Wapo wanaokataza kabisa, na wapo wanaotazama usalama wa njia na watu anaofuatana nao au anaofikia kwao. Wa upande huu wa pili hutaja hadithi ya Adiy bin Hatim, ambamo Mtume (s.a.w.) alitabiri zama ambazo mwanamke atasafiri kutoka Hira mpaka Makka bila kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Mimi si mwanachuoni. Nilimuuliza shehe wangu kabla ya kuondoka, na nawe umuulize wako. Ninachojua ni kwamba sheria hiyohiyo imemhurumia msafiri: safari yangu inapita kilomita 80, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Isha naswali rakaa mbilimbili, maadamu sikunuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja.

Basi hoja yangu ni hii. Tunamhoji sana mwanamke msafiri kwa nini ametoka, lakini hatumuulizi ataswali wapi na ataenda choo gani. Nimewahi kusimama kwenye msikiti wa njiani nikaambiwa hapana sehemu ya wanawake. Nikaswali nyuma ya gari langu, malori yanapita. Mzungu akija na gari lake la kulala, lenye jiko na choo ndani, akielekea Mbuga ya Saadani peke yake, tunamwita jasiri. Mama wa Kiislamu anayetafuta ada ya shule tunamwita mhuni.

Tukiogopea heshima yake, tuilinde kwa vitendo. Msikiti wa barabarani utenge chumba kidogo, pazia, bomba na choo chenye kufuli. Nawe dada mwenye ua, ukiona mwanamke ameegesha jioni, mkaribishe kabla ya kumdadisi.

Mama yangu wa mtaani, hilo ndilo jibu langu. Nalala ndani ya gari, lakini nalala kwenye ua wa watu. Safari ijayo nitakuletea korosho.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote. Amin.