Ukirefusha fimbo ya gofu, mwambie mnunuzi

Nauza mitumba Bwera siku za soko, na nyumbani kwangu ni Ibanda. Nasema Ibanda ya Kasese, ile ya njia ya kupandia Rwenzori, si wilaya ya Ibanda kule Ankole. Katika furushi moja nililonunua Kampala mwaka jana zilikuwamo fimbo tano za gofu, na miongoni mwake putta, yaani fimbo ya kusukumia mpira taratibu hadi shimoni. Ilikuwa na inchi 32. Nyingi za aina hiyo huwa kati ya inchi 33 na 35, na mtu mrefu akishika fupi hujikunja kama anayepalilia maharage.

Niliirefusha jikoni kwangu, kisha nikaiuza kana kwamba ilitoka kiwandani hivyo. Ni hilo la pili linalonifanya niandike leo, maana la kwanza si kosa hata kidogo.

Kazi yenyewe haihitaji karakana. Unachana mshikio wa zamani wa mpira, unaondoa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na unabaki na mdomo wa bomba la chuma. Unachonga kipande cha mti mgumu uliokauka kiingie ndani ya bomba inchi tatu na kubaki nje inchi mbili, sehemu ya nje ikiwa na unene sawa na bomba. Unakwaruza ndani kwa msasa, unapaka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, na unaacha ikauke siku nzima. Halafu unazungushia tepe yenye gundi pande mbili na kuvalisha mshikio mpya, ambao hufunika kiungo chote. Kichwa cha fimbo kitahisiwa kizito kuliko mwanzo kwa sababu sasa kiko mbali zaidi na mikono. Mchezaji huzoea.

Sheria za gofu nazo hazikatai. Zinataka fimbo ya kusukumia isipungue inchi 18, na hazikuweka kikomo cha juu, ingawa fimbo nyingine zote hazitakiwi kuzidi inchi 48. Kilichopigwa marufuku tangu tarehe 1 Januari 2016 ni kuegemeza fimbo tumboni au kifuani wakati wa kupiga. Ila bomba lazima liwe limenyooka. Kipande kikikaa upande, fimbo hiyo haifai mashindanoni.

Mimi nilichonga mkaratusi mbichi, na soko lilikuwa kesho yake, kwa hiyo gundi haikupata siku yake. Mti mbichi hunywea ukikauka.

Mnunuzi alikuwa kijana anayebeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa Kilembe, ambaye naye hucheza wenye fimbo wakishaondoka. Aliigeuza, akaipima kwa jicho, akaniuliza: "Mzee, hii haijaguswa?" Nikamwambia haijaguswa. Baada ya wiki tatu alirudi kutoka Kasese. Mshikio ulikuwa ukizunguka mkononi kama kifuniko cha chupa. Hakupiga kelele. Aliilaza mezani akasema, "Mzee, nilikuuliza."

Mama wawili kutoka Kasindi walikuwa hapo wakichagua viatu. Walirudisha viatu walivyokuwa wameshika, taratibu, wakaenda meza ya jirani. Nilimrudishia kijana pesa zake pamoja na nauli, lakini wale mama sikuwaona tena.

Wenzangu sokoni huniambia kwamba ukitaja kiungo, bei inaanguka. Ni kweli, inaanguka. Lakini tazameni tunavyouza vitu vingine. Mwenye baiskeli iliyochomelewa hukuonyesha pale ilipochomelewa na kukutajia fundi, kwa sababu fundi mzuri ni sifa. Jembe lenye mpini mpya huuzwa kwa kusifiwa mpini wake. Tunaficha pale tu ambapo kiungo hakionekani: chini ya mpira wa fimbo, ndani ya simu iliyofunguliwa, ndani ya betri iliyofufuliwa. Huko hatuuzi tena kazi ya fundi, tunauza giza.

Na sisi wa mpakani tuna sababu kubwa kuliko wenzetu wa Kampala. Kijana wa Kilembe aliweza kurudi na kunidai. Mteja wa Beni au Butembo hawezi kuvuka Mpondwe kwa ajili ya kitu cha shilingi elfu kadhaa. Atanyamaza, atawaambia jamaa zake wasinunue Bwera, na sisi tutabaki kulaumu forodha. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini hakuna mkataba wa Jumuiya utakaomrudisha mteja wa namna hiyo mezani kwangu.

Kuna jingine dogo, kwa kuwa nimesikia watu wakilijaribu. Cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya. Fimbo ya Marekani haigeuki kuwa ya Uganda kwa inchi mbili za mkaratusi. Usimpotezee afisa muda.

Fimbo ile nimeifumua. Safari hii nimeweka mti mkavu, gundi imekaa siku mbili, na kwenye bomba nimefunga kikaratasi: imerefushwa inchi mbili, Ibanda, pamoja na tarehe. Nimeshusha bei. Kijana wa Kilembe alipita siku ya soko lililopita, akakisoma kile kikaratasi, akaukamua mshikio kwa mikono yote miwili. Alisema atafikiria.