"Samaki Ni Tele" Si Hesabu

Wasee wa kontenti, leo ni sisi kwa sisi. Kila Desemba mnashuka Watamu na Diani, mnapiga picha ya samaki mmoja mrembo, halafu mnaandika ati bahari yetu imejaa samaki. Imejaa kivipi? Nani amepima? Hapa Kahawa Wendani hata omena hatununui kwa picha. Mama anachukua mkebe, anapima, unaona. "Tele" si kipimo.

Na msiniambie picha haiwezi kupima. Inaweza, na hiyo ndiyo inaniudhi. Mwaka 2021 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, iliburuta kamera juu ya sakafu ya Bahari ya Weddell, kule Antaktika. Wanasayansi walihesabu viota 16,160 vya samaki wa barafu. Kutokana na eneo walilopitia, wakakadiria viota kama milioni 60 na samaki wa zaidi ya tani 60,000.

Siri yake ni kuweka kipimo ndani ya picha. Nukta za leza, umbali kati yao unajulikana. Hapo unajua picha imefunika eneo gani na mnyama ana urefu gani. Urefu unageuzwa uzito kwa fomula ya spishi yake. Samaki akiwa mrefu mara mbili ya mwenzake, uzito unakaribia mara nane! Kwa hivyo ukikosea urefu kidogo, kilo zinapotea kabisa. Picha yako ya kuvutwa na kutiwa filta haimsaidii mtu.

Kweli, kamera haimwoni aliyejificha mchangani au pangoni. Basi sema ni makadirio. Hata wapiga mbizi wanaohesabu kwa macho hukosea, lakini picha inabaki, mwingine anaweza kuikagua.

Na msijifiche nyuma ya digrii. Mimi niliacha chuo na hesabu hii naielewa. Mwaka 2016, kwenye Great Grevy's Rally, raia wa kawaida walipiga picha punda milia wa Grevy ubavu wa kulia, programu ikasoma milia, na idadi ikakadiriwa kuwa kama 2,350. Walifuata masharti, basi.

Mnauliza inawahusu nini? Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi walifunga sehemu ya bahari yao wenyewe isivuliwe. Hiyo ni ugali wa watu. Utafiti wa Tim McClanahan na wenzake wa 2011 ulionyesha miamba ya upande wetu wa Bahari ya Hindi inazidi kuharibika kadiri kilo za samaki kwa hekta zinavyopungua. Mvuvi aliyeweka nyavu chini anadai kilo kwa hekta. Laiki zako hazipikwi.

Kwa hivyo safari ijayo, andika mahali, tarehe na kina. Weka kitu chenye urefu unaojulikana kwenye picha, bila kugusa matumbawe. Ukishindwa, sema ukweli: umeona samaki mmoja.