Idi ya Binti Zetu Iko Hapa Njiru



Baada ya kumshukuru Mola aliyetuvusha salama Idi ya Mfungo Tatu mwaka wa 2025, juma hili twapenda kuzungumza na wazazi wenzetu, hasa wale wenye asili ya Pwani wanaolea watoto wa kike katika mitaa ya mashariki ya Nairobi: Njiru, Kayole, Komarock, Saika, Ruai na kwingineko. Kuna neno ambalo tumelisikia kwa miaka mingi majumbani mwetu, nasi twaona wakati umefika wa kulipima. Neno lenyewe ni hili: "Huku twapitisha siku tu, Idi yenyewe iko kwetu." Husemwa bila nia mbaya, na mara nyingi husemwa kwa uchungu wa kuwa mbali na wazee. Lakini mtoto naye husikia, na mtoto wa miaka sita hana kwao pengine zaidi ya nyumba anayolala. Ukimwambia kwamba sikukuu ya kweli iko mahali asipokuwapo, umemwambia kwamba yeye hana sikukuu.

Tuanze na majira. Katuni wanazotazama binti zetu huwaonyesha watoto wa nchi za kaskazini wakifurahia kiangazi chao mwezi wa Juni na Julai, kwa jua, bahari na aiskrimu. Huku kwetu mambo ni kinyume. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi ya Nairobi; mawingu hukaa kutwa nzima, na upepo unaovuma kutoka upande wa machimbo ya mawe huingia hadi jikoni. Tena mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, na kwa hivyo Idi husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2017 Idi Kubwa iliangukia mapema Septemba. Mwaka 2018 na 2019 ikawa Agosti. Mwaka 2020 mwisho wa Julai. Mwaka 2021 na 2022 Julai. Na miaka mitatu ya 2023, 2024 na 2025 ikawa Juni. Binti yetu mkubwa ana miaka kumi. Idi Kubwa zote anazozikumbuka ni za baridi. Kwake yeye Idi ni gauni jipya lililofunikwa na sweta ya shule, na mvuke wa chai ya maziwa mapema asubuhi. Hiyo ndiyo Idi aliyojaaliwa, naye ataikumbuka hivyo atakapokuwa bibi mwenye wajukuu.

Ni kweli kwamba Pwani kuna mambo ambayo hatuwezi kuyahamisha. Mombasa, watoto huzitazamia bembea za uwanja wa Makadara. Unguja, viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa wana jioni kwa jioni mpaka sikukuu imalizike. Mtoto huvishwa, hutiwa manukato, akapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango humpa mkono wa Idi, awe amemjua mwenye nyumba au hakumjua. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba bembea na sarafu si kitu kikubwa katika sikukuu ile. Kikubwa ni ile milango. Mtoto hujifunza kwamba mtaa mzima unamtambua, unajua ni binti wa nani, na unamfurahia. Hilo ndilo linalokosekana katika ghorofa ya tatu mtaani Njiru, ambako jirani wa kulia ametoka Machakos, wa kushoto ametoka Siaya, na wa chini ametoka Murang'a, na hapana anayejua kwamba usiku wa kuamkia leo mwezi umeshahesabiwa. Swali letu basi ni hili: milango hiyo itafunguliwa na nani?

Kabla ya kulijibu, na tukumbushane jambo moja la historia, kwa kuwa wengi wetu twajihesabu wageni katika mji huu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ulipoanza kumea, Waislamu, wenye asili ya Pwani wakiwamo, walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Walijenga Pangani nyumba zao za Kiswahili, na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wakahamishiwa Shauri Moyo. Pumwani, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920, ina Msikiti wa Riyadha, jina lile lile la msikiti mashuhuri wa Lamu. Waliolichagua jina hilo hawakungoja kurudi Lamu ndipo wawe na Riyadha. Kwa hivyo, binti wa Njiru anayesherehekea Idi hatangulii kufanya jambo geni. Anafuata nyayo za watoto waliovaa nguo mpya katika mitaa hii hii ya mashariki ya Nairobi karibu miaka mia moja iliyopita.

Sasa turudi kwenye milango. Mlango wa kwanza uko nyumbani kwenyewe, nao twaufunga kwa mikono yetu bila kujua. Katika nyumba nyingi, asubuhi ya Idi baba huondoka na watoto wa kiume kwenda kuswali, na binti hubaki na mama wakimenya vitunguu saumu. Wakirudi wanaume, wana habari: nani walimwona, khutuba ilisemaje, watu walikuwa wengi kiasi gani. Binti ana habari za sufuria. Baada ya miaka kumi ya namna hii, msishangae akiwa msichana mkubwa anayeiona Idi kuwa siku ya kazi nyingi kuliko siku nyingine.

Haya hayakuwa mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Ummu Atiyya (r.a.) amesimulia kwamba wanawake waliamrishwa kuwatoa hata wasichana wa ndani na walio katika siku zao, hawa wakae kando na mahali pa swala lakini waishuhudie heri na dua ya Waislamu. Ilipoulizwa itakuwaje kwa asiye na vazi la kujisitiri, jawabu lilikuwa kwamba mwenzake amwazime. Hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani kwa kukosa nguo. Vilevile yajulikana jinsi Bi Aisha (r.a.), angali mdogo, alivyotaka kuwatazama Wahabeshi waliokuwa wakicheza na mikuki siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri kwa shuka yake na kusimama naye mpaka alipotosheka yeye mwenyewe. Mtukufu wa viumbe alikuwa na shughuli za umma mzima, na bado alisimama kumngoja msichana ashibe mchezo.

Tunajua dada zetu watasema nini. Watasema: kutoka Njiru hadi uwanja wa Sir Ali, Ngara, na watoto wawili alfajiri, kwa matatu ya Barabara ya Kangundo, katika baridi ile! Watasema mtoto atataka kwenda haja katikati ya khutuba. Ni kweli, na twaliheshimu neno hilo. Lakini si lazima kila mwaka iwe Ngara. Misikiti ya mitaani nayo huswali, na penye nafasi ya wanawake hapana sababu ya kuikimbia. Nguo zipangwe usiku, mtoto anywe uji kabla ya kutoka, sweta ziwe juu na haya ziwe chini, na baba abebe mkeka. Mwaka 2025 Idi iliangukia Ijumaa ya tarehe 6 Juni, serikali ikaitangaza kuwa siku ya mapumziko, na hapakuwa na shule ya kuhofia. Mwaka ambao itaangukia siku ya masomo, mzazi amwandikie mwalimu barua ya adabu juma moja kabla. Mtoto akiona baba yake ameandika barua kwa ajili ya Idi yake, amekwisha kujua uzito wake.

Mlango wa pili ni kazi. Mtoto mdogo hupenda siku ambayo alitumainiwa. Nyumbani kwetu kila binti hupewa jambo ambalo lisipofanywa naye halifanyiki. Wengi wetu tunaoishi ghorofani hatuna pa kuchinjia. Hushirikiana familia kadhaa, kwa kuwa ng'ombe mmoja hutosha watu saba, au mtu huenda Kiamaiko kutafuta mbuzi. Nyama ikifika, mkubwa ndiye mwenye kuhesabu mafungu: la nyumba, la jamaa na marafiki, na la wasiojiweza. Huandika kwenye daftari, na hata babake hachukui paja bila kuulizwa. Mdogo, mwenye miaka sita, ni wa kaimati: yeye huzimwagia shira na kuhakikisha, kwa kuonja zaidi ya inavyohitajika, kwamba zimekolea.

Mlango wa tatu ni wa jirani, nao ndio uliotufunza zaidi. Asubuhi ile ya Ijumaa tuliwapa binti zetu sahani nne zilizofunikwa vitambaa, wakazishusha ngazi wenyewe. Chini kabisa anakaa bibi mmoja wa makamo makubwa ambaye watoto wote wa jengo humwita shosho. Aliwauliza: "Hii ni ya nini, wajukuu zangu?" Mkubwa ikambidi aeleze kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe, na kondoo aliyeteremshwa. Alieleza kwa Kiswahili chake chenye mchanganyiko wa Sheng, nasi tulikuwa ngazini tukisikiliza bila kuingilia. Yule bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kisa hicho anakijua tangu utotoni, ila kwao mtoto huitwa Isaka. Binti mdogo alipanda mbio akitangaza: "Mama, shosho anamjua Ibrahim!" Jioni sahani zilirudi, na hapana iliyorudi tupu: moja ilikuwa na ndizi, moja maparachichi, moja mahindi ya kuchemsha, na ya shosho ilikuwa na mayai sita ya kuku wake. Tangu siku hiyo binti zetu wakipita chini huitwa kwa majina yao. Milango minne si mtaa mzima wa Mji wa Kale, lakini ni milango minne, na wameifungua wenyewe.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hatungependa kuyaacha. La kwanza ni hina. Binti hupenda kupambwa, na ni haki yao. Lakini ile rangi nyeusi iitwayo piko aghalabu huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kumwachia mtoto mzio wa maisha. Hina ya majani haiwi nyeusi tititi. Huacha rangi ya machungwa au hudhurungi, na hutaka saa kadhaa kukolea. Mwambieni mtoto asubiri; kusubiri hina pia ni sehemu ya usiku wa Idi. La pili ni nguo. Maduka ya Eastleigh yana kila kishawishi, lakini gauni la kukopea fedha humharibia mama Idi kwa miezi mitatu. Gauni moja lenye pindo refu la kushushwa mwakani latosha, na la dada mkubwa likifuliwa na kutiwa udi ni jipya kwa mdogo.

Na je, Pwani? Likizo ya Agosti ipo, na alhamdulillahi tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka imetupunguzia safari. Wapelekeni binti kwa nyanya zao, wakalale kwenye mikeka, wakasikie lahaja zao zikisemwa haraka haraka, wakajue kwamba neno moja laweza kusemwa Kimvita na Kiamu kwa namna mbili na yote mawili yakawa sawa. Wakae na wakongwe wangali na sauti. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia utendi binti yake Mwana Hashima ili asimwache bila wasia. Hakungoja apone, wala hakungoja binti akue zaidi. Basi waendeni wazee mapema. Lakini binti waende wakiwa na chao cha kueleza: wamweleze nyanya habari za mafungu ya nyama, za sahani nne, na za shosho anayemjua Ibrahim. Nyanya atacheka, atauliza, na ataona kwamba wajukuu wake wa Bara hawakuja kuomba Idi. Wamekuja na yao.

Wazazi wenzetu, binti zetu hawatakaa nasi miaka mingi. Aliye na miaka kumi leo amebakiwa na Idi chache za kushikwa mkono kwenda kuswali. Mwaka ujao Idi ya Mfungo Tatu yatarajiwa kusogea nyuma tena, inshallah. Tunaye muda wa kutosha kumwandikia mwalimu barua, kuulizia msikiti wa karibu wenye nafasi ya wanawake, na kuhesabu ni sahani ngapi zitashuka ngazi.

Mola atujaalie watoto wema, awape wazee wetu afya, na atukutanishe tena juma lijalo katika heri. Wabillahi taufiq.