Mwanga Mpya na Risasi Ndani Yake

Mpiga gambusi akiibana kamba kwa kidole, kamba huwa fupi na sauti hupanda. Ukilielewa hilo, umekaribia kulielewa jambo lililompa Aleksei Ekimov na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Leningrad, Ekimov alichunguza vioo vilivyopikwa na kloridi ya shaba. Kadiri fuwele za kloridi zilivyokuwa ndogo, ndivyo mwanga zilioumeza ulivyosogea upande wa buluu. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa fuwele tu. Elektroni iliyobanwa katika nafasi ya nanomita chache hupanda nguvu, kama kamba ile.

Tangu hapo ukoo huu wa halidi, yaani metali iliyoungana na klorini, bromini au iodini, umezaa wengi. Mwaka 2015 kundi la Maksym Kovalenko huko Zurich lilitengeneza vijifuwele vya siziamu, risasi na bromini ving'aavyo kijani safi. Tia klorini badala ya bromini, rangi inakwenda buluu hadi zambarau. Tia iodini, inakuwa nyekundu. Wengine huzipanga halidi hizi tabaka kwa tabaka, mfano wa chapati iliyosukumwa vizuri, na katikati huweka molekuli zinazokinza unyevu. Zinafaa kwa taa, kwa skrini, hata kwa eksirei, kwa kuwa hugeuza miale isiyoonekana kuwa mwanga. Ndugu zao wanene kidogo wamekwisha kuingia kwenye sola: mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilipeleka Marekani mzigo wake wa kwanza wa biashara.

Sasa ngojeni. Mmelisikia neno risasi hapo juu, au limepita?

Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, hawawezi kulipitisha. Mtaani kwao kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, na sumu ikaingia katika damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hata baada ya hapo rufaa ziliendelea miaka.

Watetezi watanijibu kwamba mita mraba moja ya sola mpya ina risasi ya gramu moja hivi, na betri ya gari ina kilo kadhaa. Ni kweli, wala sitaki kumtisha mtu kwa hesabu ya uongo. Lakini risasi ya betri ni sahani nzito. Mwokota vyuma chakavu anaijua. Hii ya halidi ni utando usioonekana, tena huyeyuka katika maji kwa wepesi zaidi. Kioo kikivunjika na mvua ikanyesha, nani atajua kilichokwenda kisimani?

Njia nyingine ipo, na inaturudisha kwenye shaba ya Ekimov. Mwaka 2018 watafiti wa Tokyo walieleza fuwele ya siziamu, shaba na iodini isiyo na risasi hata chembe. Ndani yake shaba na iodini hukaa vikundi vikundi, kila kikundi kisiwa peke yake, siziamu ikiwa ndiyo bahari. Elektroni hunaswa kisiwani hata fuwele ikiwa kubwa. Kwa kila punje 100 za mwanga inazomeza, hurudisha 90 hivi, buluu. Na kwa kuwa buluu hiyo iko mbali na mwanga inaoumeza, fuwele haiumezi tena mwanga wake yenyewe. Kasoro yake ni hiyo buluu: kijani na nyekundu lazima zitafutwe kwingine. Basi zitafutwe! Shaba imejaa Katanga, na vijana wa kemia tunao vyuoni.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 ya risasi katika vifaa vingi vya umeme. Kisichouzika huko kitatafuta soko, nasi tuna bandari zilizo wazi. Wakubwa wa viwango, Nairobi na Dar es Salaam, andikeni kanuni sasa kabla meli hazijatia nanga: chenye risasi kiandikwe hivyo, na aliyekiuza akipokee kikifa. Nawe mnunuzi, ukionyeshwa taa ya halidi hizi dukani, usianze na bei. Uliza kwanza: ina risasi?